Mguu wa Kushoto wa Pikipiki ya Mwakio

Niliondoka Wundanyi Jumanne mchana kwa sababu ya barua ya mistari minne. Ilitoka kwa Mzee Onsongo wa Nyaramba, huko Kisii, aliyempangishia ndugu yangu chumba kwa miaka mitano. Alisema pikipiki ya marehemu ilikuwa bado kwenye ghala lake la ndizi, na kwamba sasa analihitaji ghala. Kama hatuitaki, kuna mtu wa vyuma chakavu anayepita kila mwisho wa mwezi. Nilimsomea mama barua ile mara mbili. Akasema, "Nenda kalete kitu cha ndugu yako," akarudi kwenye maharagwe yake. Hakujua kwamba nilikuwa nikiiogopa pikipiki ile kama mtu anavyomwogopa mbwa aliyekwisha kumng'ata.

Sababu ya woga huo naieleza hapa hapa mwanzoni, kwa maana safari yote ilikuwa juu yake. Ndugu yangu Mwakio, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka minne, alikuwa bwana shamba wa pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kule milimani Kisii. Alikuwa na pikipiki kuukuu ya Kiingereza, nzito kama ndama, aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Nilipomtembelea mara ya kwanza na ya mwisho, aliniazima nikazunguke. Nikaanguka nayo karibu na Marani, upande wa kushoto. Uma wa mbele, yaani ile miguu miwili inayolishika gurudumu, ukapinda. Niliunyoosha mwenyewe kwa magoti na kwa macho, nikairudisha, nikanyamaza. Nikarudi kwetu kwenye cherehani yangu.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, Mwakio alikuwa akiteremka kuelekea Keroka. Barabara pale inapinda kulia. Pikipiki haikupinda. Ilikwenda kushoto, moja kwa moja mpaka mtaroni, naye akafia pale pale. Waliomzika walisema ni mvua, wengine walisema ni lori, wengine walisema alisinzia. Mimi nilikuwa na jibu langu, nikakaa nalo miaka miwili bila kumwonyesha mtu. Kwa hiyo walioniona kituoni Voi na kikapu changu walidhani nakwenda kuchukua pikipiki. Nilikuwa nakwenda kujua kama mimi ndiye niliyemuua ndugu yangu.

Jumatano asubuhi gari moshi lilinishusha Nairobi, na kabla ya saa tatu nilikuwa ndani ya basi la Kisii. Sitawachosha na habari za Nakuru na Kericho. Wanaopenda majani ya chai wataambiwa na wengine. Jirani yangu kitini alikuwa mfanyabiashara wa kitenge, mtu wa maneno mengi, akataka kujua nina watoto wangapi na kwa nini sina. Kwa kawaida ningemjibu jibu la kumnyamazisha hadi kesho yake, maana ulimi wangu hauna breki. Siku ile nilimwacha aseme. Tulipopita Sotik nilijua Keroka inakaribia, na nilijua mteremko ule uko mbele kidogo, upande wa pili wa mji. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa tukiingia Kisii mjini, na mfanyabiashara akaniuliza kama nilikuwa nikisali. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, Nyaramba. Kutoka Kisii mjini unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kila mlima una migomba yake na kila bonde lina kijito chake, na watu wamelima mpaka mahali ambapo kwetu hata mbuzi angefikiri mara mbili. Mvua hunyesha mchana kwa saa yake, kama mwajiriwa. Mzee Onsongo nilimkuta kwenye mlango wa boma lake, amevaa koti la mvua na kofia ya kanisani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Bwakire," alinisalimu, kisha akahamia Kiswahili. "Wewe ni Bwana Pareto kabisa. Uso ni ile ile. Hata kutembea."

Huko walimwita ndugu yangu Bwana Pareto. Sikuwa nimelisikia jina lile tangu nilipomtembelea, na lilinichoma.

"Pikipiki iko," alisema mzee. "Hakuna mtu amegusa. Watoto niliwaambia, hii iko na mwenyewe, na mwenyewe atakuja. Umechelewa, lakini umekuja."

Ilikuwa ndani kabisa ya ghala, imeegemezwa ukutani, mikungu ya ndizi mbivu imening'inia juu yake. Tairi zote mbili zilikuwa zimelala. Kwenye tangi kulikuwa bado na matope makavu ya siku ile. Nilisimama pale nikiwa na mikono mfukoni. Mke wa mzee alikuja nyuma yangu, akaona sisogei, akasema kitu kwa Kigusii na mzee akanitafsiria: "Anasema kwanza ukule."

Nikala ugali wa wimbi na chinsaga, mboga ile chungu wanayoipika na maziwa mpaka uchungu unaisha. Walinilaza katika chumba alichokuwa akilala Mwakio. Sasa kilikuwa na magunia ya mbolea mpaka dirishani, na kitanda kimesukumwa kona. Nilitafuta ukutani msumari wa kofia yake, au alama ya kalamu, kitu chochote cha kuonyesha kwamba mtu wangu aliishi pale miaka mitano. Palikuwa pamepakwa chokaa upya. Siwezi kusema nililia. Nilikaa tu, na mbolea ikaniwasha pua.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, nilianza kazi. Cherehani na pikipiki havifanani, lakini mtu aliyezoea mafuta na skrubu hapotei sana. Nilimwaga petroli ya zamani, nikasafisha plagi na kabureta, mzee akaleta pampu ya baiskeli, tukapokezana kujaza upepo. Ilipowaka, kuku wote wa boma walikimbilia migombani. Nikamuuliza mzee ni nani anayeweza kuangalia uma wa mbele kwa kipimo, si kwa macho.

"Fundi wa pikipiki ya kizungu hapa kwetu ni moja tu," alisema. "Ombui wa Keroka. Msabato. Fika kwake mapema, leo ni Ijumaa."

Sikulipa uzito neno lile la mwisho. Kwetu Ijumaa ni siku kama siku.

Barabara ya Nyaramba hadi Nyamira, na kutoka Nyamira hadi barabara kuu, niliiendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai. Na kila hatua niliisikia. Ukiishika usukani sawa, inavuta kushoto. Ukilegeza vidole kidogo, kushoto. Ilibidi mkono wangu wa kulia uvute muda wote, na baada ya maili tano bega likaanza kuuma. Nikawa najisemea, hivi ndivyo Mwakio alivyoendesha mwaka mzima, bega linamuuma kila jioni, na mimi Wundanyi nashona suruali za harusi.

Pale mteremkoni, mahali pa kona, nilizima injini. Hapakuwa na kitu. Mtaro ulikuwa umeota majani, mtu amepanda migomba michache ukingoni, na maji ya mvua ya jana yalikuwa yakipita chini kwa sauti ndogo. Nilidhani ningesikia kitu moyoni, na nilichosikia ni njaa tu. Nikaona haya, nikawasha, nikaenda.

Keroka nilifika karibu saa nane. Gereji ya Ombui ilikuwa banda la mabati nyuma ya maduka, mbali kidogo na malori. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mfupi wa makamo, mpole, mikono mikubwa kuliko mwili. Alikuwa akila ndizi ya kuchoma. Aliitazama pikipiki, akanitazama mimi, akaitazama tena pikipiki, akamaliza ndizi yake.

"Karibu," alisema. "Inavuta upande gani?"

Sikuwa nimemwambia kwamba inavuta. Nikamwambia, kushoto.

Hakushika spana. Alichukua uzi mrefu wa mwashi, akauzungusha nyuma ya tairi la nyuma, akazileta mbele ncha zote mbili, moja kila upande, akazifunga kwenye mawe mawili sakafuni mpaka nyuzi zikanyooka na kugusa ubavu wa tairi la nyuma mbele na nyuma. Nikasema kwa ujuzi wangu wa ushonaji kwamba sasa uzi uguse na tairi la mbele, basi kazi imekwisha.

"Hapana, fundi," alisema. "Tairi ya mbele ni nyembamba. Uzi haitakiwi kugusa. Inatakiwa iache nafasi, na nafasi ya huku iwe sawa na ya huku. Weka kidole."

Niliweka. Kulia kiliingia kidole kimoja kwa shida. Kushoto viliingia viwili na nafasi ikabaki.

Ndipo akafungua. Alitoa gurudumu, akatoa ekseli, akaitoa ile miguu miwili ya uma kutoka mahali pake, akaifuta kwa mafuta ya taa. Kisha akavuta gunia lililokuwa kona, na chini yake kulikuwa na bamba la jiwe, pana kama meza ya kukatia kitambaa, jeupe lenye mishipa ya pinki. Ni lile jiwe laini la Tabaka wanalochonga vinyago. Shemeji yake mchongaji alimtafutia pande moja lisilo na ufa, akalisugua kwa mchanga na maji kwa wiki mbili mpaka likawa sawasawa kama maji yaliyotulia. Ombui alilipaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, kwa kitambaa, kidogo sana.

"Chuma kinadanganya macho," alisema. "Hii jiwe haina huruma."

Aliuviringisha mguu wa kulia juu ya jiwe. Masizi yalishika karibu urefu wote, ila sehemu ndogo. Akauviringisha wa kushoto. Ulikwenda ukidundadunda, tak, tak, tak, na alipouinua, katikati palikuwa pakavu, pamebaki na rangi ya chuma, urefu wa shibiri nzima. Aliulaza tena akapitisha kijiti cha kibiriti chini yake. Kikapita.

Wa kushoto. Upande niliouangukia mimi.

Sikumbuki nilishika nini. Ombui alikuwa amechuchumaa, anafuta masizi vidoleni. Aliniuliza bila kuniangalia:

"Hii pikipiki imeanguka mara ngapi?"

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilikuwa nimesafiri siku nne kufika mbele ya swali lile. Na mdomo wangu, ulimi huu wangu usiojua kunyamaza mbele ya wateja wala machifu, ukasema:

"Mara moja. Ile ya marehemu."

"Mara moja," alirudia Ombui. Alisimama, akachungulia nje. Jua lilikuwa limegusa migomba. Akachukua sabuni na karai, akaanza kunawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Fundi, bado mapema," nikamwambia.

"Sabato inaingia. Jua ikizama sishiki spana mpaka kesho jua izame tena. Jumapili asubuhi tutaendelea." Alilifunika jiwe kwa gunia, akaiacha miguu miwili ya uma imelala kando, akafunga banda kwa kufuli. "Kesho kuja kanisa. Utakula kwangu."

Nilimwambia mimi ni Mwanglikana na nina shughuli. Shughuli gani, mtu mwenye pikipiki isiyo na mbele? Hakuniuliza. Alisema tu "Sawa", akaenda nyumbani kuoga.

Jumamosi. Keroka ilikuwa imenyamaza kwa namna ambayo sijaizoea. Malori yalipita, lakini nusu ya milango ilikuwa imefungwa, na watu walipita wawili wawili, familia kwa familia, mavazi yamepigwa pasi, Biblia kwapani, wakiniamkia kwa heshima na kuendelea na safari yao. Niliketi kwenye kibaraza cha nyumba ya kulala wageni nikihesabu mishono ya makoti yao, maana sikuwa na mtu wa kusema naye. Nyimbo zikaanza kanisani, za sauti nne, nzuri mno. Sijawahi kujisikia mgeni kama nilivyojisikia siku ile. Nikaona nikiendelea kukaa pale nitapasuka. Nikapanda gari la kwenda Kisii, na kutoka Kisii nikapata jingine la Marani.

Kivuko cha simenti nilipoangukia nilikipata bila kuuliza. Kiko kabla hujaingia sokoni, barabara inapozunguka kidogo. Siku ile ya kuanguka nilikuwa nimevaa miwani ya vumbi ya Mwakio na koti lake la ngozi. Nilijiona bwana mkubwa. Mama mmoja aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani alinisalimu, akidhani ni Bwana Pareto. Badala ya kuona haya kwamba namdanganya, niliinua mkono wa kulia kumpungia, kama Mwakio alivyozoea kufanya. Mkono mmoja uliobaki haukuitosha pikipiki ile. Gurudumu likaparuza ukingo wa kivuko, nikalala ubavu wa kushoto, na yule mama akashusha mkungu wake akaja kuniinua, akasema, "Pole, Bwana Pareto." Nikamjibu, "Asante." Hata jina la ndugu yangu nililiiba.

Kisha nikaisukuma hadi nyuma ya kiwanda cha kahawa, nikalibana gurudumu kwa magoti, nikauvuta usukani kwa nguvu zote mpaka nikaona vimekaa sawa. Nilirudi nyuma hatua tano, nikafumba jicho moja. Jicho la fundi cherehani halidanganyi, nilijisemea. Mimi hupima pindo la suruali bila futi. Nikaosha tope kijitoni. Jioni Mwakio aliniuliza, "Safari ilikuwaje?" Nikasema nzuri. "Na pikipiki?" Nikasema iko sawa. Aliniangalia kidogo, akanimiminia chai.

Nilikaa ukingoni mwa kivuko kile labda saa mbili. Mwanamke aliyekuwa akipalilia ng'ambo aliniita, "Unatafuta nini?" Nikamjibu sitafuti kitu. Akaendelea kupalilia. Nilijaribu kusema kwa sauti, peke yangu, maneno ambayo ningepaswa kumwambia Mwakio jioni ile. Yalikuwa maneno matano tu: nilianguka nayo, ndugu yangu, nisamehe. Siyo mengi. Mtu anaweza kuyasema kabla chai haijapoa.

Jumapili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Ombui kabla hajafungua. Alikuja na thermosi ya chai, akanimiminia kwanza mimi. Akafungua banda, akaondoa gunia juu ya jiwe. Alikuwa amenyoosha mkono kuchukua ule mguu wa kushoto niliposema:

"Mara mbili."

Akausimamisha mkono.

"Ilianguka mara mbili, fundi. Mara ya kwanza nilikuwa mimi. Marani. Nikaunyoosha kwa magoti, nikamrudishia, sikumwambia. Huo mguu uliopinda ni mimi niliupinda. Yeye ameendesha kitu kilichopinda mpaka kikamuua."

Ombui alikaa juu ya kopo la rangi. Alinywa chai yake yote, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake kama mshitakiwa.

"Ijumaa nilijua ni wewe," alisema. "Hii pikipiki naijua kama mtoto wangu. Lakini aliniambia nisiseme mpaka wewe useme."

"Nani alikuambia?"

"Bwana Pareto."

Alipanda juu ya benchi, akapapasa kwenye mbao za paa, katikati ya rimu na minyororo, akashusha bomba la chuma lenye kutu na utando wa buibui. Akalifuta, akalilaza kwenye jiwe. Halikuhitaji masizi. Lilikuwa limepinda kwa ubavu, hata mimi niliona.

"Hii ndiyo yako," alisema. "Wewe ulienda kwenu Jumatatu. Yeye alikuja hapa Jumanne. Alisema, fundi, nimeendesha maili moja nimejua. Nilifungua, nikaona. Nikamwambia hii haiwezi kunyooshwa, imechoka. Nilikuwa na pikipiki ingine kama hii, imekufa injini, nikatoa mguu wake ya kushoto nikamwekea." Akauchukua ule mguu wa Ijumaa, akanionyesha karibu na mwisho, alama ndogo mbili za patasi. "Hizi alama ni zangu. Hii si mguu ya kuzaliwa. Sasa angalia vile imepinda. Yako ilipinda kwa upande. Hii imerudi nyuma, moja kwa moja. Hii ni kugonga mtaro. Siku hiyo aliyokufa, mpaka anagonga, ilikuwa imenyooka. Nilipima mimi mwenyewe na hii jiwe."

"Basi nini kilimwangusha?"

"Mimi sijui. Mvua ilikuwa. Hiyo ni ya Nyasae." Hilo ndilo jina lao la Mungu. "Lakini si wewe."

Nimewahi kusikia watu wakisema mzigo ukishuka mtu huwa mwepesi. Mimi nilikaa sakafuni penye mafuta na suruali yangu nzuri, nikamshukuru Mungu. Nilishukuru kweli, kwa sauti. Halafu nikamuuliza Ombui Mwakio alisema nini siku ile.

"Alicheka. Alisema, ni ndugu yangu alikuwa nayo, usimwambie mtu, yeye mwenyewe ataniambia. Baadaye akija kwa breki, namuuliza, amesema? Anasema, bado. Yule ni fundi wa nguo, anapima mara mbili kabla hajakata. Akija tena, namuuliza, amesema? Bado. Mara ya mwisho alikuja mwezi ile alikufa. Nilimuuliza tena. Hakucheka hiyo siku. Alisema tu, bado."

Ndipo nikakumbuka barua zake za mwaka ule. Zote zilikuwa na habari za pareto na mvua na salamu kwa mama, na mwishoni kila moja ilikuwa na sentensi ile ile: pikipiki inakusalimu. Nilidhani ni mzaha wake. Nilikuwa nikiisoma haraka kuliko zote, kisha nakunja barua. Hakuna barua hata moja niliyoijibu sentensi ile.

Kazi ilichukua siku nzima. Ombui aliibana miguu ile kati ya vipande vya mbao, akaisukuma kwa jeki ya lori, taratibu, akaipeleka kwenye jiwe, akaangalia masizi, akairudisha kwenye jeki. Mara kumi na moja kwa wa kushoto. Kila mara aliniita nitazame, na mara ya kumi na moja masizi yalishika kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wakati wa kurudisha alinifundisha kosa langu la Marani. Mimi nilivuta nati zote zikiwa zimekaza. Kumbe unalegeza zote, unaweka ekseli, unaukandamiza usukani chini mara nyingi mpaka miguu ijitafutie yenyewe mahali pake, ndipo unakaza kuanzia chini kwenda juu. Uzi ulipofungwa tena, kidole kimoja kushoto, kidole kimoja kulia.

Lile bomba langu nilitaka kulichukua. Akalitazama akasema ni chuma kizuri, atakata vipande vya bushi, zile pete za kuvalisha ekseli, akalirudisha kwenye mbao za paa.

"Sasa nenda mpaka pale barabara iko sawa," aliniambia, "halafu achia mikono."

Jumatatu, njia ya Sotik. Nilisubiri mpaka milima ikalegea na barabara ikanyooka katikati ya mashamba ya chai. Hapakuwa na lori mbele wala nyuma. Nikaachia mikono yote miwili. Pikipiki ikaenda mbele, haikwenda kushoto, haikwenda kulia, bega langu halina kazi, upepo unapita chini ya makwapa. Mwakio aliiendesha hivi mwaka mzima, imenyooka kabisa, na alikuwa akijua kila siku kwa nini imenyooka na nani hajasema. Nikashika usukani tena kwa sababu macho yalikuwa hayaoni vizuri.

Kericho nililala, Nakuru nilikunywa chai, Nairobi niliipakia kwenye behewa la mizigo, na Ijumaa jioni niliipandisha milima ya kwetu mpaka mlangoni. Majirani walikuja kuishika tangi. Walipokwisha kuondoka nilimwambia mama kila kitu, tangu mkono nilioupunga Marani mpaka alama mbili za patasi. Nilieleza vizuri sana, nilikuwa nimepata mazoezi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya ungo.

"Kwa hiyo si wewe," alisema.

"Si mimi, mama."

"Ashukuriwe Mungu." Akaanza kupepeta. "Na hayo mengine unaniambia mimi ili nifanye nini? Si mimi niliyekuwa nangoja."

Watu huniuliza nilijifunza nini Kisii, na huwa nawaambia habari za uzi na jiwe, maana hizo zinamfaa kila mwenye chombo cha magurudumu mawili. Lakini hapa naandika ukweli. Nilikwenda nikiogopa kwamba nilimuua ndugu yangu. Nikarudi nikijua kwamba sikumuua, nilimngojesha tu. Kosa la kwanza ningeweza kulililia na watu wakanihurumia. Hili la pili ni dogo mno kusemwa msibani, na aliyekuwa na haki ya kunisamehe alikuwa tayari siku zote, kwa mwaka mmoja na kitu, akinimiminia chai.